Kadi ya Namba Tisa

14 Februari

Mpwa wangu,

Mtu mwenye adabu huanza barua kwa kuuliza hali, na mimi adabu ninayo, ingawa wewe uliondoka nyumbani bila hata kugonga mlango wangu. Haya, hujambo? Unakula? Unalala? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wa mama yako, ambao siku hizi ukiinama hautaki kuinuka. Juzi nimemkuta jikoni kashika meza kwa mikono miwili. Nikamuuliza, “Dada, unaisukuma au inakusukuma?” Akacheka mpaka akapata nguvu ya kukaa. Anakusalimu sana. Kaniambia nisikugombeze. Nimemwambia sikugombezi, nauliza tu.

Nauliza hivi. Jumapili ile nilipanga jezi kwenye benchi kama nilivyozipanga miaka yote ishirini na tatu, moja mpaka kumi na moja, migongo juu. Wenzako wakavaa. Ikabaki tisa peke yake. Kocha akaitazama jezi, akanitazama mimi, utadhani nimekumeza. Nikamwambia umeenda msalani. Mpwa wangu, nilikuweka msalani dakika arobaini mbele ya timu nzima! Mpaka Nahodha alipokuja kusema kuna mtu kakuona alfajiri unapanda gari la wageni wa klabu nyingine, viatu vya mpira mkononi. Nilivyojisikia siku hiyo siandiki, karatasi yenyewe ni ya kuomba.

Hali ya klabu unaijua, imezidi tu. Kiwanda cha sabuni kilipojitoa kwenye udhamini kiliondoka na sabuni yake, kwa hiyo sasa jezi nazichemsha kwenye pipa kama viazi. Basi letu limekaa juu ya mawe. Simu ya ofisini imekatwa, usihangaike kupiga, utaongea na buibui. Mishahara ni mwezi wa saba haijaonekana, na beki wa kushoto anabeba magunia sokoni asubuhi, jioni anakuja mazoezini bega moja liko juu. Namba za jezi zikibanduka nakata mpya kwenye shuka jeupe la mama yako. Usimwambie. Analitafuta bado.

Tuko wa tatu kutoka mkiani, zinashuka timu mbili, mechi zimebaki kumi. Tunaweza kupona.

Watu wanakusema, sitakuficha. Asiyekusema ni Katibu peke yake. Alisimama mbele ya Mwenyekiti akasema, “Mtoto ana njaa, mlango uko wazi, mlitaka akae tupige naye picha?” Nikajisikia vibaya kwamba maneno hayo hayakutoka kinywani mwangu mimi niliyekulea.

Andika basi, hata mistari miwili. Mama yako anamsumbua tarishi wa posta mpaka anabadilisha njia.

Mjomba wako


11 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana, nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mimi mzima. Mwambie mama asiinue ndoo, na mwambie nakula, tena sana, kocha wa hapa amenipima uzito mbele ya watu akaniita gunia.

Nilipita mlangoni kwako asubuhi ile. Nilikusikia unakohoa. Nikajua ukinitokea tu na ile aproni yako ya bluu, basi, safari imekufa. Ndiyo maana sikugonga. Sina maelezo mengine, mjomba. Njaa ilikuwepo, lakini wenzangu walikuwa na njaa hiyo hiyo na hawakuondoka. Kila Jumapili saa nane najikuta naangalia saa, nawaza, sasa mjomba anapanga. Nimefunga mabao mawili hapa. La pili wenzangu walinirukia, mimi nikasimama kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

Nakaa juu ya duka la mafundi wa majokofu, chumba kimoja, dirisha linaangalia ukuta. Jezi hapa zinafuliwa na mashine kubwa, na anayezigawa hajui jina langu. Ananiita ishirini na saba.

Sasa na mimi nauliza. Macho yako je? Mwezi wa kumi na moja nilikuona unatia uzi kwenye sindano, mara tano ukakosa, ya sita ukanipa mimi. Ukasema ni taa. Mjomba, haikuwa taa. Ndani ya bahasha nimeweka kitu kidogo. Ni cha miwani. Narudia, cha miwani, si cha sabuni. Nakujua.

Msalimie sana Katibu. Mwambie sijasahau kwamba ndiye aliyejaza fomu yangu ya kwanza, akafuta mara tatu kwa sababu nilikuwa sijui tarehe yangu ya kuzaliwa. Aliniambia, “Kitabu changu hakiandiki ‘nadhani.’”

Nisamehe kama unaweza.

Mpwa wako


8 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na kilichokuwa ndani ya bahasha kimefika, ahsante, kimefanya kazi yake. Mama yako hajambo. Mgongo umetulia, sasa anasumbuliwa na jirani aliyenunua jogoo asiyejua saa. Anawika mchana kutwa. Mama yako anasema jogoo huyo naye halipwi mshahara ndiyo maana hajali muda.

Nimechelewa kujibu. Kalamu ilikuwa nzito.

Tumeshuka daraja.

Nimeandika, basi, nimeshalitoa. Najua huko hawatangazi habari za timu ndogo kama yetu, kwa hiyo nakueleza mwenyewe. Tulikuwa tumejikokota vizuri. Tarehe kumi na nane mwezi uliopita tuliwafunga watu wa kiwanda cha saruji bao moja kwa bila, ungeona, watu walimbeba Nahodha mpaka kwenye duka la nyama. Tukajua tumepona. Alhamisi ikaja barua ya kamati ya ligi. Saruji wamelalamika kwamba Nahodha alicheza na kadi tatu za njano, na mwenye kadi tatu hukaa nje mechi moja, hiyo sheria unaijua. Katibu akatoa daftari lake la kadi: Nahodha ana mbili tu. Saruji nao wakatoa picha ya gazeti, ya mechi ile ya wiki iliyotangulia, tuliyocheza na timu ya posta kwenye mvua. Refa kanyoosha kadi, na aliyesimama chini ya kadi ni Nahodha mwenyewe, huwezi kumkosa na lile paji la uso.

Ushindi wakapewa Saruji. Tumemaliza ligi tumepungukiwa pointi moja. Moja, mpwa wangu!

Ukaitishwa mkutano ukumbini. Unajua watu wakikosa pa kumwaga hasira. Mwenyekiti akasema Katibu ama kala hongo ama kalala. Katibu kasimama na daftari kifuani anasema, “Nimeandika nilicholetewa na nilichoambiwa.” Walimzomea. Mwingine alimtupia ganda la chungwa likamgonga tai. Wamemtoa kwenye ukatibu, mtu aliyeiandika klabu hii miaka ishirini na tano. Sasa anapima magunia kwenye kinu cha unga. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango.

Kadi zilikorogeka, ndivyo watu wanavyosema. Na mimi sina la kuongeza.

Lakini tuseme ukweli, mimi na wewe. Ungekuwepo wewe tusingefika kwenye kuhesabu kadi za watu. Mabao yako kumi na moja yalipanda gari pamoja na wewe. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo.

Uchape kazi huko.

Mjomba wako


27 Mei

Mjomba, shikamoo. Mama shikamoo yake pia, na mwambie jogoo huyo dawa yake ni chungu.

Utani umeishia hapo.

Barua yako ina siku tisa chini ya mto wangu. Sina ninachokipinga. Nimehesabu matokeo aliyoniandikia mama: kati ya mechi zile kumi, sita mmefungwa kwa tofauti ya bao moja. Bao moja mimi nilikuwa nalipata hata nikiwa na homa. Mwezi huu sijafunga. Nikifika mbele ya goli naona ukumbi umejaa watu na Katibu kasimama na daftari. Yule mzee anatupiwa maganda kwa sababu mimi nilitaka kula nyama!

Kwa hiyo nimeamua. Mkataba wangu hapa ni wa miaka mitatu, lakini nimewaambia nataka uvunjwe. Wamenicheka kwanza, halafu wakanitolea karatasi. Nikiisaini sina ninachowadai, na hawatanichukua tena, wala klabu nyingine ya hapa, wanaambiana hawa. Nitaisaini tarehe thelathini Juni, siku msimu unapofungwa, halafu narudi nyumbani. Nitacheza daraja la chini bila mshahara mpaka tupande. Miguu yangu ina miaka sita hivi ya mpira ndani yake, yote naipa klabu. Ndiyo njia pekee ninayoiona ya kumwangalia Katibu usoni.

Kitu kimoja tu hakiniingii akilini. Katibu hakosei. Mtu aliyefuta fomu yangu mara tatu anakoseaje kadi ya nahodha wake? Ulimuuliza?

Na miwani hukunijibu.

Nipangie kitanda changu.

Mpwa wako


TELEGRAMU, 16 Juni

USISAINI KITU CHOCHOTE. BARUA INAKUJA. MJOMBA.


16 Juni

Mpwa wangu,

Leo salamu ni fupi, unisamehe. Mama yako mzima. Ndiye aliyenipa nauli ya kwenda posta kupiga ile telegramu, na hajui ya nini. Nimemwambia ni siri ya mpira, akaniambia mpira hauna siri, una wanaume waongo. Sijui nani alimwambia.

Nisikilize. Hukuishusha timu. Niliishusha mimi.

Namba ninazikata kwa kigezo cha boksi, ulikichezea ulipokuwa mdogo. Sita na tisa zina kigezo kimoja. Ukikigeuza ni sita, usipokigeuza ni tisa. Miaka ishirini na tatu nimegeuza bila kufikiri. Sasa siku moja kabla ya mechi ya posta, jezi ya Nahodha ilitoka kwenye pipa bila namba mgongoni. Nikakata sita, namba yake, nikaishona mle stoo jioni. Sikuiona, mpwa wangu. Niliishona kwa vidole. Kidole kikaniambia duara liko chini, na kidole kikaongopa. Nilimvika Nahodha tisa.

Mvua siku hiyo ilinyesha tangu asubuhi. Wachezaji walipasha misuli kwenye tope, wakaingia uwanjani migongo yote imeshakuwa udongo mtupu. Tisa wa kweli, yule mshambuliaji mpya aliyeshika nafasi yako, alikuwa akiba, kajifunika koti mwanzo mpaka mwisho, hakuingia hata dakika. Nahodha akamkwatua mtu. Refa mgeni akamgeuza, akampangusa mgongo kwa kiganja kama anafuta ubao wa darasa, akasoma tisa, akaandika tisa.

Jumatatu nikiwa nafua, tope likatoka. Nikaiona. Nilikaa chini kwenye ile sakafu ya maji.

Ungesema, mjomba, siku bado zilikuwepo, si ungesema tu? Ndiyo. Kulikuwa na siku sita. Ningemwambia Katibu, Nahodha angekaa nje mechi moja, basi. Badala yake niliifumua namba ile nikaishona upya, safari hii kwenye jua la nje.

Jumatano Katibu akaja stoo na ripoti ya refa mkononi. Mechi ile hakuwepo, alikuwa amekwenda kuwabembeleza watu wa umeme wasitukatie. Akaniuliza, “Ndugu yangu, huyu tisa wameandika kapewa kadi, na mimi nilisikia alikuwa benchi. Aliingia?” Nikamjibu, “Aliingia dakika za mwisho.” Hakuuliza mara ya pili. Akaenda kuandika.

Nilijiambia ni kwa ajili ya timu, tunamhitaji Nahodha kwa Saruji. Uongo mtamu huo, na nimeunywa mpaka umeniisha utamu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Wangejua macho yangu yamekwisha, Mwenyekiti angeninyang'anya ufunguo wa stoo kabla ya jua kuzama. Mimi nje ya stoo ile ni nani? Mzee mmoja tu anayekaa kwa dada yake.

Na miwani umeuliza mara mbili. Kitu chako kilinikuta tuna mechi mbili na hakuna hata kipande cha sabuni. Nilinunua sabuni. Uliandika kabisa nisifanye hivyo, kwa wino.

Halafu nikakaa nikakuandikia kwamba ungekuwepo wewe tusingeshuka. Niliandika hivyo kwa sababu nilitaka mtu wa kunisaidia kubeba, na wewe ulikuwa mbali, na tayari ulikuwa umeinama. Sikujua utaubeba wote. Nilipofika pale uliposema nikupangie kitanda chako, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Usisaini. Hiyo miguu ni yako. Nitukane utakavyo, lakini usisaini.

Mjomba wako


8 Julai

Mjomba, shikamoo.

Sikusaini. Telegramu ilifika tarehe kumi na saba, nikawaambia wangoje, barua imefika jana. Karatasi nimeichana mbele yao, wakaniita kichaa wa hisani. Nabaki.

Nimeanza kuandika barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya matusi, nimeitupa kwa heshima ya mama. Mwezi mzima nilikuwa nalala na mzigo wa mtu mwingine! Na wewe ulikuwa unajua. Ulikuwa unakunywa chai na mama asubuhi na unajua.

La macho nakusamehe. La sabuni, nilijua, nakusamehe hata hilo. Kigezo kinaweza kumponyoka yeyote. Lakini kuna kitu hukukiandika, mjomba, na nimekitafuta kwenye barua zote mbili. Katibu alisema ukumbini, “nilichoambiwa.” Ulinukuu mwenyewe. Kwa hiyo alikumbuka kwamba alikuuliza. Na wewe ulikuwa umekaa nyuma karibu na mlango. Lazima aligeuka akakuangalia. Lazima alikuita. Ulimjibu nini?

Usinijibu mimi. Radhi usiniombe mimi tena, mimi nina kazi, nina miguu, nina miaka mbele. Nenda kwa Katibu. Mpaka utakapokwenda sitaki barua yako. Za mama nitazipokea.

Mpwa wako


1 Agosti

Mpwa wangu,

Nimekwenda, ndiyo maana naandika. Mama yako anakusalimu. Nimemwambia yote naye, hakunigombeza, aliniuliza kitu kimoja tu: lile shuka ndilo ulilokatia namba? Nikasema ndiyo. Akaniwekea chakula, akaenda kula chumbani kwake.

Uliuliza nilimjibu nini. Uliona sawasawa, aliniita. Kwenye kelele zile zote aligeuka akasema, “Muulizeni mtunza jezi. Nilikwenda kumuuliza, akaniambia tisa aliingia.” Vichwa vyote ukumbini vikageuka. Nikasimama, nikasema, “Sikumbuki.”

Hilo ndilo sikuandika. Mkono ulikataa.

Alinitazama kidogo. Hakubisha. Alishusha daftari, akalitazama, akanitazama tena, halafu akasema polepole, “Basi labda sikuuliza.” Hapo ndipo walipoanza kuzomea.

Jumamosi iliyopita nilianza na Mwenyekiti. Nikamweleza, nikamwekea ufunguo wa stoo mezani. Alikasirika, akacheka, akakasirika tena, akasema sasa ligi imekwisha nataka afanye nini, azirudishe mechi? Ufunguo ameuchukua. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Katibu, nikijua nikipitia nyumbani sitatoka tena.

Alinifungulia mkewe. Shemeji yangu yule tulizoea kutaniana mlangoni mpaka chai inapoa. Safari hii alisema tu, “Karibu, yuko ndani, lakini usimchoshe.” Nikadhani anaumwa kifua.

Mpwa wangu, ukuta wa sebule umejaa karatasi. Mwandiko wake mwenyewe, ule mzuri wa kwenye daftari. Juu ya jiko: ZIMA. Kwenye mlango: FUNGUO ANAZO MAMA. Kwenye kalenda kila siku iliyopita imepigwa mstari, na pembeni sahihi mbili, yake na ya mkewe. Mezani chupa ya vidonge. Mkewe akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni vya kumbukumbu, hospitali wamempa. Kinuni kila gunia analipima mara tatu, halafu anamwita mtu mwingine alipime. Baba yake Katibu, nilimfahamu, alikufa hawajui wanawe, alikuwa anamwita huyu huyu Katibu “bwana posta.” Tangu siku ile ya mkutano Katibu amejua kwamba na yeye imeshaanza. Anakumbuka waziwazi mtu kamwambia jambo, na mtu huyo, rafiki yake, anasimama mbele ya watu na kusema hakuna jambo kama hilo. Sasa angefikiri nini? Kwamba rafiki yake mwongo? Hilo halikumpitia kichwani hata siku moja. Alichagua kuamini kwamba yeye ni mgonjwa.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalikimbia. Nikasema, “Uliniuliza. Ulikuja stoo Jumatano ukaniuliza, na mimi nilikuambia aliingia. Nilikudanganya siku ile, na ukumbini nikakudanganya tena.” Nikamweleza na kigezo, na tope, na macho.

Katibu akavua miwani akaipangusa, akaivaa. Halafu akaanza kuniuliza, kama ananijazia fomu.

“Ilikuwa saa ngapi?”

“Kama saa nne asubuhi.”

“Nilisimama wapi?”

“Mlangoni. Hukuingia, sakafu ilikuwa na maji.”

“Nilishika nini?”

“Ripoti. Mkono wa kulia. Kushoto mwavuli.”

“Mwavuli gani?”

“Ule wenye ubavu uliokatika.”

“Ndiyo,” akasema. “Ndiyo. Ulikuwa unashona soksi.”

“Nilikuwa nashona soksi.”

“Ukaniambia nikanyage tofali nisilowe.”

Hilo hata mimi nilikuwa nimelisahau, lakini aliposema nikaliona, na tofali lenyewe. Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa.

Akamwita mkewe. Akaja anapangusa mikono. Katibu akaniambia, “Sema tena, asikie.” Nikasema tena yote, toka kigezo mpaka “sikumbuki.” Mpwa wangu, kusema mara ya kwanza ni kama kutapika, unapata nafuu. Mara ya pili unayaona yaliyotoka. Shemeji alikaa kwenye mkono wa kiti, akaanza kulia, akasema, “Miezi mitatu namficha funguo mume wangu. Miezi mitatu nampeleka kinuni nimemshika mkono.” Na hakunitazama.

Nikapiga magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti tangu nimekuwa mtu mzima. Nikamwambia, “Ndugu yangu, nakuomba unisamehe.”

Katibu alikuwa ameshasimama. Alikuwa anabandua zile karatasi ukutani, moja moja, taratibu, asichubue rangi. Akanijibu bila kugeuka.

“Leo sina nafasi ya hilo. Leo nina furaha sana. Usinichanganyie.”

Nikainuka nikatoka mwenyewe, hakuna aliyenisindikiza, na sikustahili. Nilipokuwa navaa viatu barazani nilimsikia ndani anamtajia mkewe tarehe: siku waliyooana, siku alizozaliwa kila mtoto, siku aliyokufa baba yake, siku aliyoandika jina lako klabuni. Na mkewe kwa kila moja anamjibu, “Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo, mume wangu, ndiyo.”

Mjomba wako